Mmea Haushukuriwi

Vernice Mims alikwenda kwa dada yake kukaa wiki mbili, na sasa ulikuwa mwezi wa kumi wa mwaka wa pili. Alikuwa ameteleza jikoni kwake mwenyewe akavunjika nyonga. Dada yake Almeda akaja kumtoa hospitali kwa gari lake la rangi ya maziwa, akamlaza kiti cha nyuma juu ya mito mitatu na kumwambia, "Wiki mbili tu, mdogo wangu, mpaka usimame." Vernice alisimama baada ya miezi miwili. Baada ya miezi mitano alikuwa akitembea mwenyewe, fimbo mkononi. Lakini ufunguo wa nyumba yake ulibaki ndani ya mkoba wa Almeda, yeye Vernice hakujua kuendesha gari, na nyumba yenyewe ilikuwa maili nne nje ya mji, kwenye barabara ya vumbi ambayo hata mbwa hawakuifuata bila sababu.

Asije mtu akadhani alinyanyaswa. Afadhali angenyanyaswa, angejua la kufanya. Almeda alikuwa amefundisha shule miaka thelathini na minane, hakuolewa, na alikuwa na nyumba ya matofali ya vyumba vinne ambayo kila mtu katika kona yetu hii ya kusini mwa Georgia aliitolea mfano. Chakula kilikuwa kizuri. Kitanda kilikuwa na blanketi la umeme. Asubuhi Vernice aliletewa uji mzito wa mahindi wenye siagi, na yai juu yake. Ila kila kitu kilipowekwa mbele yake, Almeda hakuondoka. Alisimama palepale, mkono kiunoni, akainua nyusi kama alivyowainulia watoto wa darasa la kwanza, na kuuliza, "Tunasemaje?"

"Asante, dada."

Alishukuru kwa uji na kwa blanketi. Alishukuru kupelekwa kanisani, akashukuru kurudishwa. Alikuwa na miaka sitini na saba, amezika mume na amekaa peke yake miaka kumi na moja bila kuogopa radi wala nyoka, na sasa alishukuru kwa kupakwa siagi kwenye mkate. Kila asante ilimfunga kamba nyingine. Mtu anayeshukuru asubuhi, mchana na jioni atapata wapi uso wa kusema anataka kuondoka?

Alijaribu. Wakati fulani wa kiangazi alianza, "Dada, nimekuwa nikifikiria ile nyumba yangu."

"Unaifikiria nini? Hapa umekosa nini?"

"Sijakosa kitu."

"Hujaridhika?"

"Nimeridhika, dada. Asante."

"Haya basi," Almeda akasema, na wakarudi kwenye kumenya maharage.

Kilichomwokoa Vernice asipasuke ni ukanda wa udongo nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wa jikoni na uzio. Almeda hakuwa na habari nao. Yeye na udongo walishaachana zamani. Mbele ya nyumba alikuwa na vyungu viwili vya maua ya plastiki, mekundu ya majira ya joto na ya machungwa ya majira ya majani kupukutika, na alikuwa akiyaosha kwa sabuni ya vyombo. Joto lilipovunjika mwezi ule wa kumi, Vernice alimwomba ule ukanda.

"Baridi inaingia, watu wanafunga bustani, wewe ndiyo unafungua?" Almeda akamcheka. "Nyonga ndiyo iliyovunjika, au na kichwa?"

Vernice naye akacheka. Dada yake alizaliwa hapahapa, akazeekea hapahapa, na hakuwahi kugundua kwamba kwetu baridi ndiyo wakati wenyewe. Majira ya joto ni ya mbu na majani yaliyoungua. Lakini mwezi wa kumi udongo unapoa, unakuwa laini kama unga uliochekechwa, magugu yanachoka, na mtu anaweza kupiga magoti saa nne asubuhi asitokwe na jasho. Vernice alipiga magoti, yeye na nyonga yake. Alipanda pansi, yale maua mafupi ambayo kila moja lina uso kama wa mtoto aliyenuna, kila mche kwa kidole chake mwenyewe, akiukandamiza shingoni na kuuambia wa mbele usogee kidogo. Kwenye ncha ya ukanda alitia sukuma wiki, kwa sababu sukuma wiki iliyopigwa na baridi ni tamu, na kwa sababu majani yake ya buluu yanapendeza nyuma ya pansi za manjano. Saa mbili zilipita. Hakuna mtu aliyempa kitu katika hizo saa mbili, kwa hiyo hakumshukuru mtu, na furaha aliyoisikia ilimshtua.

Jumanne Almeda alikuwa na mikutano ya kanisa, na Jumanne ndiyo siku aliyokuja Lutie. Huyu alikuwa jirani ya Vernice wa kule barabara ya vumbi, mwanamke mrefu mwenye gari kuukuu la mizigo na sauti ya kuitia ng'ombe. Aliingilia nyuma, kupitia uzio.

"Shoga, ndiyo wamekufunga huku kama mbwa?"

"Sijafungwa. Nalima."

"Hata mbwa aliyefungwa huchimba." Lutie akaweka chini mfuko wa unga uliojaa vitu. "Nimekuletea watu wako."

Ndani ya mfuko mlikuwa na narsisi, mizizi yake minene kama vitunguu, bado ina udongo mwekundu wa uani kwa Vernice mwenyewe. Na juu, kimefungwa kwa gazeti lililoloa, kulikuwa na kijiti cha waridi la mama yao, lile jeupe la kwenye lango. Vernice alikipokea kwa mikono miwili. Hakusema asante. Alitazama mbingu.

"Mvua inakuja," alisema.

"Labda kesho," Lutie akajibu, na wakaketi kunywa kahawa.

Ndivyo ilivyo kwetu, na sijui nani aliyeanzisha. Mmea haushukuriwi. Mtu akikupa mche, mbegu, kijiti au ua lenye mizizi, unapokea na kuzungumza habari za mvua, kwa sababu ukisema asante, mmea unakufa. Mama yao Vernice na Almeda alikuwa mkali sana kwa jambo hili. Almeda alipokuwa na miaka tisa, tayari ana adabu za kumwaga, alimshukuru shangazi yao kwa mche wa mtini, na mama akamzaba kofi mbele ya mgeni. Mtini ulikauka kabla ya Pasaka. Almeda alisema ulikosa maji, na mpaka uzee wake alikuwa anasema ulikosa maji.

Kijiti cha waridi Vernice alikichomeka kando ya ukuta na kukifunika kwa chupa kubwa ya achari, iliyopinduliwa chini juu. Ndivyo waridi linavyooteshwa: linakaa chini ya chupa baridi yote, linapata mwanga na unyevu wake, na haliguswi mpaka miti ya pekani itoe majani mapya baridi ikiisha. Asubuhi chupa ilikuwa na jasho kwa ndani, na kijiti kimesimama katikati, kizima, kimetunzwa, hakina pa kwenda. Vernice hakupenda kukitazama sana.

Mwezi wa kumi na mbili ulikuja na jalidi ya kwanza. Saa kumi jioni Vernice alitandika mashuka chakavu juu ya pansi zake, na asubuhi akayaondoa yakiwa yamekakamaa kama ubao. Pansi chache zilizochomoza nje ya shuka zilikuwa zimelala chini, nyeusi, zimekufa wazi. Kufika saa nne jua lilizigusa, na moja baada ya nyingine zikainua shingo na kununa tena kama jana. Vernice alisimama na fimbo yake akazitazama zikifufuka, akacheka peke yake kwa sauti, na Almeda akafungua dirisha la jikoni kuuliza kama kuna mtu huko.

Usiku huohuo, kwenye chakula, Almeda aliweka uma chini na kupangusa mdomo.

"Ile nyumba yako nimeipatia mtu," alisema. "Yule mwalimu mpya wa kwaya. Ataingia tarehe mosi mwezi wa pili. Nyumba isiyokaliwa inaoza, na wewe si wa kurudi kule tena. Nimeshazungumza naye kila kitu, wewe huna la kuhangaika."

 Vernice aliona lango lake, na waridi, na mtu mgeni akitundika koti lake nyuma ya mlango wa jikoni. Alifungua mdomo aseme hapana. Almeda aliinua nyusi.

"Tunasemaje?"

"Asante, dada," Vernice akasema.

Alitoka nje bila koti, akasimama kizani karibu na narsisi, akalia kwa hasira. Hakumlilia Almeda. Alililia kinywa chake mwenyewe, kilichokuwa kimefunzwa kama kasuku.

Lutie alipopata habari Jumanne hakucheka. "Ulimjibu nini?"

"Nilisema asante."

"Mtu anagawa nyumba yako, unamwambia asante."

"Ilitoka yenyewe, Lutie."

"Basi na nyumba itatoka yenyewe." Lutie akanywa kahawa yote kabla ya kusema tena. "Mimi gari ninalo. Naweza kukuchukua leo hii, na kwa kuwa ufunguo huna, tukavunja kufuli. Lakini sikuibi kama kuku. Mwambie kwanza."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Vernice hakujua lini. Krismasi ikapita, na paja la nguruwe na keki ya nazi, na asante zake. Narsisi zikachanua wiki ya kwanza ya Januari, nyeupe, zina harufu ya kumlevya mtu. Harufu iliingia jikoni. Almeda alilalamika kwamba inamuumiza kichwa, ila Vernice alimkuta mara mbili amesimama kwenye dirisha lililo wazi, sahani mkononi, hajui anachokiosha. Kumbe naye ana pua, Vernice aliwaza, na akamwonea huruma, jambo ambalo halikumsaidia hata kidogo.

Tarehe kumi na mbili Januari ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Vernice, na ikaangukia siku kina mama wa kanisa walipokutana kwa Almeda. Walikuja tisa, na kofia zao, wakala keki ya limau. Lutie naye alialikwa, kwa sababu Almeda asingeweza kumruka mbele za watu. Sala ilipokwisha, Almeda aligonga kikombe kwa kijiko na kuwaomba wote watoke mbele ya nyumba.

Vyungu vya plastiki vilikuwa vimeondolewa. Mahali pake, karibu kabisa na mlango, palikuwa na shimo jipya na ndani yake kamelia, imefika kiunoni mwa mtu, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na vichomozo vinene visivyopungua ishirini. Kimoja kilikuwa kimefunguka, ua la rangi ya waridi iliyokoza, upana wa kisahani. Kamelia huchanua wakati wa baridi na kuishi kuliko aliyeipanda. Vernice alikuwa akiitamani ya namna hiyo tangu alipokuwa bibi harusi.

"Nilikwenda kuichagua mwenyewe," Almeda aliwaambia kina mama, na sauti yake haikuwa ya darasani, ilitetemeka kidogo. "Nimemchimbia hapa, mbele, ili aione kila siku. Maana hapa ndipo kwao sasa. Yule mwalimu anaingia kule tarehe mosi, na mdogo wangu hana haja ya kurudi kulima kwenye mchanga. Bustani yake ni hii."

Kina mama wakasema jamani, wakasema tazama upendo. Vernice aliitazama kamelia. Ilikuwa zawadi nzuri kuliko zote alizowahi kupewa maishani, na alihisi kama mlango umefungwa na komeo likasukumwa. Mti wa miaka mia moja. Hata akifa wangemzika kutokea mlango ule, na mti ungali unachanua.

Alikuwa na njia yake ya kupita, na kila mwanamke pale aliijua. Angetazama mbingu na kusema mvua inakuja. Wangecheka, wangerudi kwenye keki. Alishaanza hata kuinua macho.

Lakini Almeda alikuwa amesimama pale na mkono kiunoni, amejaa furaha, watu wanamtazama, na mazoea ya miaka thelathini na minane hayamwachi mtu kwa siku moja. Aliinua nyusi.

"Haya, mdogo wangu. Tunasemaje?"

Mtu mmoja alikohoa. Mama wa mchungaji aligeuza kichwa taratibu kumtazama Almeda, kuhakikisha kama amesikia vizuri. Na Almeda mwenyewe alisikia alichokisema. Vernice aliona uso wa dada yake ukibadilika, ukawa wa yule mtoto wa miaka tisa anayengoja kofi, na kwa sekunde moja nusura amhurumie tena. Angeweza kunyamaza. Alishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Asante, dada," alisema, polepole, kila mtu asikie. "Asante sana kwa kamelia."

 Katika mji wetu mtu anaweza kukutukana mbele ya kanisa na ikasahaulika kabla ya Krismasi, ila hilo hakuna aliyewahi kulisikia kwa mtu mzima mwenye akili zake. Alikuwa amesema mbele ya mashahidi tisa: mti huu usiishi hapa, wala mimi. Kisha kina mama wote kwa pamoja wakakumbuka mikoba yao.

Almeda aliosha vyombo kwa muda mrefu. Vernice alichukua kitambaa akawa anakausha.

"Umeuua mti wangu," Almeda alisema mwishowe, akiwa amempa mgongo.

"Wewe ndiye uliyeniuliza."

"Ungeweza kunyamaza."

"Miaka miwili unanifundisha nisinyamaze."

Sahani ikagonga sahani. "Mama angekuzaba kofi."

"Angetuzaba wote wawili. Akianza na wewe."

Almeda alitoa pumzi ambayo karibu iwe kicheko, halafu haikuwa. "Si ungeniambia tu kwamba unataka kwenda kwako?"

"Nimekuambia mara ngapi?"

"Hata mara moja. Nilikuuliza umeridhika, ukasema umeridhika. Nilikwambia habari za mwalimu, ukasema asante. Ningejuaje, Vernice? Wewe husemi kitu kingine."

Vernice alikausha kikombe kilekile mara ya pili, maana ilikuwa kweli. Kamba zote zile alizifunga yeye, dada yake alishika ncha tu.

"Basi nasema sasa," alisema. "Nataka kwenda kwangu. Nataka ufunguo. Mwalimu wa kwaya nitamwambia mwenyewe."

Almeda alifunga bomba. Alibaki ameshika ukingo wa sinki.

"Kabla hujaja nilikuwa naacha redio imewashwa chumba kile," alisema. "Mchana kutwa. Ili niwe napita mlangoni nasikia mtu."

Vernice aliweka kikombe chini. Kama dada yake angelisema hilo mwaka mmoja uliopita, pengine angebaki kwa hiari yake, na pengine wasingefika hapa. Sasa ilikuwa imechelewa, na iliuma, na bado alitaka ufunguo.

"Kule kwangu pana viti viwili," alisema. "Jumapili baada ya ibada gari lako linaijua njia."

Kamelia iliangusha vichomozo vyake vyote wiki ileile, kimoja baada ya kingine, kwenye ngazi za mlango. Kamelia iliyohamishwa ikiwa na maua tumboni mara nyingi hufanya hivyo, mtunza maua yeyote atakwambia. Lutie hakutaka kusikia habari za mtunza maua yeyote, akaisambaza hadithi hiyo wilaya nzima. Majani yalibaki mabichi. Kila asubuhi Vernice alimwona dada yake kutoka dirishani, na koti la kanisani juu ya nguo ya kulalia, akiimwagilia kwa birika.

Jumamosi ya mwisho ya Januari Almeda alipakia masanduku mwenyewe. Hakutaka gari la Lutie. Vernice alimwachia pansi na narsisi na sukuma wiki zote, kisha akamshika mkono, akampeleka kando ya ukuta, kwenye chupa ya achari. Ndani ya jasho lile, kwenye kile kijiti, palikuwa na jani jekundu dogo kama ukucha.

"La mama," alisema. "Nilikuwa nimepanga kuondoka nalo. Nakupa wewe. Usiondoe chupa mpaka miti ya pekani itoe majani, hata ukiona jua kali namna gani. Halafu ukiiondoa, liache. Usilibembeleze."

Almeda aliinama, jambo ambalo magoti yake hayakulizoea, akachungulia ndani ya chupa. Alipoinuka macho yalikuwa yamejaa. Alifungua mdomo. Vernice aliliona neno likija, la miaka sabini na mbili ya adabu, limeshafika kwenye meno.

Almeda alifunga mdomo wake. Alimeza. Kisha akainua uso kutazama mbingu, ambayo ilikuwa ya buluu, kavu, haina hata wingu moja.

"Mvua inakuja," alisema.

"Labda kesho," Vernice akajibu, na Almeda akatoa ufunguo mkobani, akautia mkononi mwake, wakaenda kwenye gari.